Pete Postlethwaite na akina baba aliowaigiza

Mwambie kijana yeyote aigize baba, cha kwanza atatafuta bakora. Cha pili atakohoa. Halafu atakunja uso, ataweka mkono mmoja kiunoni na kuanza kufoka, kana kwamba mtu akishapata watoto kuongea kumekwisha, kumebaki kufoka tu. Nafundisha vijana maigizo hapa Tanga, jioni baada ya saa za kazi, na kila kundi jipya linakuja na baba huyohuyo. Siwalaumu, ndiye wanayemwona kwenye tamthilia na kwenye vichekesho vya simu. Lakini siwaachi naye. Nawakalisha mkekani, nafungua kompyuta, nawaonyesha Mwingereza mmoja mwenye macho madogo na mifupa ya mashavu iliyochomoza: Pete Postlethwaite.

Jina hawalijui. Akitokea tu kwenye skrini utasikia, "Aa, kumbe mzee huyu!" Kila mtu kamwona mahali fulani. Staringi hakuwa, isipokuwa mara chache sana, na kwenye filamu kubwa za Marekani alipewa dakika zake chache akazimaliza akaondoka. Ila ukizipanga zile nafasi zake pamoja, utaona wanaume wanaorudi tena na tena ni akina baba. Baba katili, baba mpole, baba mwenye shughuli kubwa kuliko watoto wake, baba anayekufa akiwa na jambo la kumwambia mwanawe. Na hakuna wawili wanaofanana.

Alizaliwa tarehe 7 Februari 1946 huko Warrington, mji wa viwanda ulio kati ya Liverpool na Manchester, kitinda mimba wa watoto wanne katika familia ya Kikatoliki. Baba yake alikuwa fundi wa mapipa, na alifanya pia kazi ya kutunza majengo ya shule. Kijana alifikiria upadri, upadri ukapita, akaenda kusomea ualimu katika chuo cha St Mary's, Twickenham, akarudi kaskazini kufundisha drama Manchester. Hapo ndipo ninapompendea kabla hata sijafika kwenye filamu. Alisimama mbele ya darasa. Anajua ilivyo kuwa na watoto thelathini wanaokutazama wakisubiri ukosee. Alipoingia chuo cha uigizaji cha Bristol Old Vic alikuwa mtu mzima aliyekwishafanya kazi nyingine.

Walimshauri abadilishe jina. Mawakala waliona Postlethwaite ni refu mno na halitamkiki, na yeye alikuwa akisimulia kwamba alitishwa kuwa halitaandikwa kwa taa mbele ya ukumbi kwa sababu umeme wake ungekuwa ghali. Hakulibadilisha. Ni jina la baba yake.

Miaka ya 1970 akawa Liverpool, kwenye ukumbi wa Everyman uliopo Hope Street. Ukisoma orodha ya waliokuwa wakihangaika pale wakiwa bado hawajulikani unaweza kudhani mtu anakudanganya: Julie Walters, Bill Nighy, Jonathan Pryce, Antony Sher. Waandishi walikuwa watu wa mjini hapohapo, Alan Bleasdale na Willy Russell, wakiandika kuhusu wapakiaji wa bandarini, wasio na kazi, wanawake wa mitaani kwao. Kulikuwa na kikundi kidogo kilichopanda gari na kwenda kuigiza kwenye mabaa, mbele ya watu waliokuja kunywa, ambao hawakuomba kuletewa mchezo wowote. Nawaambia vijana wangu: huko ndiko alikofunzwa. Mlevi akigeuza shingo kurudi kwenye glasi yake, umekwisha. Hakuna taa wala pazia la kukuokoa. Sisi tunaocheza sokoni Ngamiani na kwenye viwanja vya shule tunalijua hilo, na ninafurahi kwamba mtu aliyekuja kusimama mbele ya kamera za Hollywood alipita kwenye shule hiyohiyo.

Baadaye akajiunga na Royal Shakespeare Company, kundi kubwa la maigizo la Uingereza, akafanya televisheni nyingi na nafasi ndogondogo za filamu. Nayapita haya haraka, kwa sababu mtu anayenihusu anaanza mwaka 1988.

Mwaka huo ilitoka Distant Voices, Still Lives ya Terence Davies, mzaliwa wa Liverpool, aliyeitunga kutokana na maisha ya familia yake. Postlethwaite ndiye baba. Ni filamu inayokwenda kama kumbukumbu, haifuati mstari. Watu wanaimba kwenye baa, kwenye harusi, kwenye mahandaki ya kujikinga na mabomu, na katikati ya nyimbo hizo yumo mwanaume anayempiga mkewe. Kuna usiku wa Krismasi ambapo anaingia chumbani watoto wake wamelala. Anawawekea zawadi zao polepole asiwaamshe, anawatazama, anawaombea baraka za Mungu kwa sauti ya chini kabisa. Uso ni wa mtu anayependa, wala huwezi kubisha. Kesho yake familia imekaa mezani, chakula kimepangwa, naye anashika kitambaa cha meza anakivuta, kila kitu kinaanguka sakafuni, kisha anapiga kelele aje mtu kusafisha.

Nimewaonyesha vijana sehemu hizo mbili mara nyingi, na swali lao ni moja: yupi wa kweli? Ugumu wa kazi yake uko hapo. Mwigizaji dhaifu angetupa ishara usiku ule, jicho moja la hila, ili tujue huyu ni mbaya anajificha. Yeye hatupi kitu. Usiku ni mpole kweli, na mchana ni katili kweli, na mtoto aliyelelewa na mtu wa namna hiyo anajua vyote viwili vinaweza kukaa kwenye mwili mmoja. Binti mmoja kwenye kikundi alinyamaza siku nzima baada ya kuiona. Wiki iliyofuata ndiye aliyeandika igizo zuri kuliko yote tuliyofanya mwaka huo, kuhusu baba anayeleta mandazi nyumbani.

Miaka mitano baadaye akaja baba mwingine kabisa. In the Name of the Father ya Jim Sheridan, 1993. Kisa ni cha kweli: tarehe 5 Oktoba 1974 mabomu ya IRA, kundi la silaha lililotaka Ireland ya Kaskazini itoke mikononi mwa Uingereza, yalilipuka kwenye mabaa ya Guildford, kusini mwa London, na polisi wakawakamata vijana wasiohusika, mmoja wao Gerry Conlon wa Belfast, Ireland ya Kaskazini. Baba yake, Giuseppe, mtu mwenye mapafu mabovu, akavuka bahari kwenda London kumtafutia mwanawe wakili. Naye akakamatwa. Alihukumiwa mwaka 1976 pamoja na jamaa zake kwa kushughulika na baruti ambazo hawakuwahi kuzigusa, akafa mfungwa Januari 1980. Gerry alitoka mwaka 1989, hukumu ya baba ikafutwa mwaka 1991, na waziri mkuu wa Uingereza akaomba radhi hadharani mwaka 2005. Marehemu alikuwa kaburini robo karne.

Kwenye filamu baba na mwana wanakaa selo moja, jambo ambalo halikutokea. Sheridan aliwaweka pamoja ili waongee. Daniel Day-Lewis ndiye Gerry, na anaigiza kwa nguvu zote, analia, anapiga ukuta, anatukana. Karibu naye Postlethwaite amekaa na koti lake. Mwana anamrushia malalamiko ya tangu utotoni: siku ya mpira alipopata medali, na baba badala ya kumsifu akazungumzia faulo. Baba anasikiliza. Mtazame anavyosikiliza! Haangalii pembeni, hatikisi kichwa kutuonyesha kwamba anaumia, hajiandai kujibu. Maneno yanamwingia na unaona yanapoingia. Nimewahi kuwazimia vijana sauti sehemu hii, nikawaambia wamtazame yeye peke yake. Bila neno hata moja walijua ni lini alikosewa na ni lini aliambiwa ukweli.

Halafu kuna usiku ambao Giuseppe anamweleza mwanawe anavyoweza kuishi gerezani. Kila usiku anafumba macho, anamshika mkewe mkono, wanatoka mlangoni kwao Belfast, wanapita mitaa anayoitaja kwa majina mmoja baada ya mwingine mpaka juu ya Cave Hill, wanasimama kuutazama mji. Anayasema haya bila kubana koo wala kuvuta machozi, kwa lafudhi ya Belfast ambayo si yake. Anayasema kama mtu anayetoa maelekezo ya njia. Ndiyo maana yanaua. Mtu aliyefanya safari hiyo kila usiku kwa miaka hana haja ya kuilia, ameizoea, kila kona anaijua. Ukimwambia kijana "usilie, mwache mtazamaji alie," hakuelewi. Ukimwonyesha njia ya Cave Hill anaelewa papo hapo.

Kwa nafasi hiyo aliteuliwa kuwania Oscar ya mwigizaji msaidizi. Tuzo ilikwenda kwa Tommy Lee Jones. Mimi nasema wazi kwamba ilipaswa kuja kwake, na sitabadilisha kauli.

Baada ya hapo Hollywood ikampigia simu. The Usual Suspects mwaka 1995, akiwa wakili Kobayashi, mkimya, mwenye suti safi. Padri katika Romeo + Juliet ya 1996. Huku kwao televisheni ikampa sajini Obadiah Hakeswill katika tamthilia ya Sharpe, mtu mwovu kupita kiasi, mwenye shingo inayoruka bila hiari yake na tabia ya kuongea na kofia yake kuhusu mama yake. Ukimtazama Hakeswill halafu ukamtazama Giuseppe, vitu alivyovitoa ndani ya mwaka mmoja au miwili, unabaki kushangaa ni mwili uleule.

Mwaka 1997 Steven Spielberg alimtumia mara mbili, katika The Lost World na Amistad, akasema kwamba huenda ndiye mwigizaji bora duniani. Postlethwaite alikuwa akilijibu hilo kwa kucheka, kwamba alichosema Spielberg hasa ni kuwa Pete anajiona ndiye mwigizaji bora duniani. The Lost World, filamu ile ya madinosaria, sisi tuliiona kwenye kibanda umiza, televisheni moja juu ya kreti, msimulizi akitutafsiria kwa namna yake. Mwindaji wake, Roland Tembo, tulimwita mzee wa bunduki. Wenzangu walikuwa wanasubiri dinosaria. Mimi nilikuwa namsubiri yeye. Hakuna aliyetaka kutoka mpaka tujue kama mzee wa bunduki amepona, na alipona. Anampata mnyama aliyemtafuta, amempoteza rafiki yake, na anapopewa kazi nzuri anakataa kwa sentensi fupi, kwamba amekaa na kifo vya kutosha. Miaka mingi baadaye niligundua kuna sehemu iliyokatwa kwenye filamu, inayomwonyesha kwenye baa ya Mombasa akimtetea mhudumu aliyekuwa akisumbuliwa na watalii. Ilinifurahisha sana, hata kama Mombasa yenyewe ilikuwa ya studio.

Lakini ukiniuliza filamu yake moja, nitakupa Brassed Off ya Mark Herman, 1996. Grimley ni mji wa kubuni, umetokana na Grimethorpe, Yorkshire, ambako mgodi wa makaa ya mawe ulifungwa mwaka 1993 na bendi ya wachimbaji ikaendelea kupiga. Bendi hiyohiyo ndiyo inayosikika kwenye filamu. Ni bendi ya matarumbeta, tunayoijua sisi kwa harusi na maandamano, ila kule kila mgodi ulikuwa na yake, na mashindano yake, na fahari yake. Postlethwaite ni Danny, kiongozi wa bendi. Mgodi uko karibu kufungwa, watu wana madeni, ndoa zinavunjika, mwanawe Phil anavaa nguo za mcheshi kwenda kuchekesha watoto wa wenye nafasi ili apate chochote, naye Danny haoni. Anaona bendi. Anasikia noti iliyokosewa na hasikii nyumba ya mwanawe inavyobomoka. Huyu naye ni baba, na mimi nawajua wa namna hii kadhaa: wema, waadilifu, wanaheshimika na mtaa mzima, na watoto wao wanawatazama kwa mbali.

Mapafu ya Danny yamejaa vumbi la makaa. Anaanguka, analazwa, na usiku bendi inakuja kusimama nje ya hospitali na taa za kofia za mgodini, inapiga chini ya dirisha lake. Ananyanyuka kitandani. Huyu mtu aliyetumia filamu nzima kuwaambia wenzake walipokosea safari hii anasikiliza tu.

Mwishoni wanashinda fainali Royal Albert Hall, London, naye anapanda jukwaani na kulikataa kombe. Anaeleza kwamba siku zote aliamini muziki ndio wenye maana, na sasa anajua watu ndio wenye maana, kisha anaisema serikali iliyofunga migodi na kuwaacha watu hawana hata hamu ya kuishi. Hotuba kama hizo ni mtego. Mwigizaji akizipenda mno zinageuka mkutano wa hadhara. Yeye anahutubia akiwa amechoka, pumzi inamkatikia, sentensi nyingine zinatoka zikiwa zimepinda, na hasira yake ina aibu ndani, kwa sababu anajua anachokisema kinamhusu na yeye alivyomtendea Phil. Mtoto wa fundi wa mapipa wa Warrington hakuhitaji kufundishwa mtu wa kazi anaongeaje mbele ya wakubwa.

Kwetu Afrika Mashariki alifika kweli, kwa ajili ya The Constant Gardener ya Fernando Meirelles, iliyotoka mwaka 2005. Sehemu yake ilipigwa Loiyangalani, kando ya Ziwa Turkana, pakisimama badala ya Sudan. Anatokea karibu na mwisho akiwa Lorbeer, daktari aliyehusika na dawa iliyojaribiwa kwa wagonjwa maskini, na sasa amejificha kambini akigawa chakula. Dakika chache tu. Wengine wangecheza majuto. Yeye anacheza kazi: anahesabu, anakagua, anaongea haraka, mikono haitulii, kwa kuwa akisimama atakumbuka. Filamu ile iliacha pia mfuko wa msaada uliojengwa na watengenezaji wake kwa ajili ya Kibera na Loiyangalani, na ningependa filamu nyingi zaidi zinazokuja kupiga picha kwetu ziondoke namna hiyo.

Wakati huo alikwishahamia Bishop's Castle, mji mdogo wa Shropshire, na mke wake Jacqueline Morrish na watoto wao wawili. Alisimika mtambo wa upepo nyumbani. Mwaka 2009 aliigiza katika The Age of Stupid ya Franny Armstrong, mzee aliyebaki peke yake mwaka 2055 akipitia kumbukumbu za jinsi binadamu walivyoiharibu hali ya hewa huku wakijua. Kwenye uzinduzi wake London alimwambia uso kwa uso waziri wa nishati, Ed Miliband, kwamba kituo kipya cha umeme wa makaa ya mawe kikijengwa Kingsnorth, atairudisha nishani yake ya OBE aliyopewa mwaka 2004. Kituo hakikujengwa. Aliyewahi kuwa Danny, akiwatetea wachimbaji wa makaa, sasa anapinga makaa. Kuna walioona huko ni kujipinga. Mimi sioni. Mara zote mbili alikuwa upande wa watu watakaobaki na hasara.

Mwaka 2008 alirudi Everyman kumwigiza King Lear wa Shakespeare, baba wa akina baba wote, kwenye jukwaa alilolianzia.

Saratani alikwishaipata mara moja, mwaka 1990, akapona. Ilirudi kwa namna nyingine. Katika Inception ya 2010 ni tajiri Maurice Fischer, amelala kitandani, mwanawe ameinama kusikia neno la mwisho, na neno lenyewe halisikiki vizuri. Mwaka uleule katika The Town ni muuza maua wa Boston ambaye kwa kweli ni jambazi. Amekonda sana. Anakata miiba ya mawaridi huku akimtishia kijana, anamweleza alichomfanyia mama yake, na kisu hakiharakishi, shina baada ya shina. Alifariki tarehe 2 Januari 2011, Shrewsbury, akiwa na miaka 64. Uteuzi wa BAFTA, tuzo za filamu za Uingereza, kwa nafasi ya muuza maua ulitangazwa akiwa amekwishakufa.

Watu wakitaka kumjua wanaanzia The Usual Suspects kwa sababu ndiyo inayopatikana kirahisi. Mimi nakusihi usianzie hapo, pale amefichwa. Anza na In the Name of the Father, uitazame pamoja na mtu wa kwenu, halafu Brassed Off. Distant Voices iache mpaka uwe na jioni ambayo huna haraka ya kulala. Vijana wangu mwezi huu wanaandaa igizo lenye baba anayerudi kutoka baharini bila samaki, na nimemwambia anayemcheza kwamba bakora hatapewa. Akae kwenye kigoda, asikilize mkewe anasema nini.